Moshi wa Alizeti na Mashine ya Kilowati 3

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Boila letu linawashwa kwa makapi ya alizeti. Majirani wanalalamika masizi kwenye nguo walizoanika, na jioni harufu ya mafuta yaliyoungua. Saikloni, ile inayozungusha moshi ili vumbi lirushwe ukutani, tunayo. Sasa amekuja muuzaji na mashine anayoiita "ya plazma": moshi unapita katikati ya umeme wa volti nyingi, unatoka hewa safi. Kwa makaratasi yake, inahudumia meta za ujazo 10,000 za moshi kwa saa, inakula kilowati 3 tu, na inaondoa asilimia 99 ya vumbi, harufu, gesi za salfa na naitrojeni, pamoja na hewa ya ukaa. Bosi amevutiwa. Je, umeme unaweza kweli kusafisha moshi, au tunapigwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Umeme unasafisha moshi, tena kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Na mnapigwa vilevile. Hayo mawili hayagombani: mashine yenyewe huenda ni nzima kabisa, uongo ukawa kwenye makaratasi tu. Kinachomuumbua muuzaji ni namba anayojivunia kuliko zote, hizo kilowati 3. Tutafika.

"Kusafisha moshi kwa umeme" ni kazi mbili tofauti zinazouzwa kwa jina moja. Moja inakamata vumbi, nyingine inavunja gesi. Zote zinaanzia kwenye waya au bamba lenye volti nyingi, ndiyo maana ni rahisi kuzichanganya, hasa kwa mtu anayetaka uzichanganye.

Ya kukamata vumbi umeiona nyumbani. Kama kwenu mliwahi kuwa na TV ya chogo, utakumbuka kioo chake kilivyopenda vumbi: unafuta asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Ukipitisha mkono karibu, vinyweleo vinasimama. Ndani ya lile chogo mlikuwa na volti kama 25,000, kiasi kilekile cha waya unaopita juu ya treni ya SGR. Mtego wa kiwandani, ambao kitaalamu huitwa presipiteta, ni wazo hilohilo lililojengwa kwa chuma. Nyaya nyembamba zinaning'inia katikati ya mabamba makubwa, na moshi unapita kati yake. Nyaya zinapewa volti hasi, mara nyingi kati ya 30,000 na 70,000. Mabamba yamefungwa ethi, yaani yameunganishwa na ardhi.

Pale karibu kabisa na waya, nguvu ya umeme ni kali kiasi cha kunyofoa elektroni kwenye hewa yenyewe. Unatokea mng'ao hafifu wa bluu unaoitwa korona (jina ni la zamani, halina udugu na ugonjwa). Ukisimama usiku wa manyunyu karibu na nyaya za msongo mkubwa zinazoingia kituo cha Zuzu, utasikia mlio mwembamba kama kitunguu kilichoanza kukaangwa. Ndiyo hiyo korona. Kwenye mtego, elektroni zinazotoka hapo zinaganda kwenye chembe za vumbi, chembe zinapata chaji, zinasukumwa mbali na waya hadi kwenye bamba, zinajipanga hapo tabaka juu ya tabaka. Kila baada ya muda nyundo inagonga bamba, na tabaka linaporomoka kwenye hopa, chombo cha kukusanyia kilicho chini.

Mjerumani mmoja, Hohlfeld, alionesha jambo hili ndani ya chombo cha kioo mwaka 1824. Nami nimewafanyia wanafunzi onesho kama hilo mara nyingi. Mtungi wa kioo, foili imezungushwa kwa ndani, waya mmoja katikati, ubani unafuka chini. Moshi unajaa mpaka huoni upande wa pili. Nikibonyeza swichi unasikia mchakacho mdogo, moshi unajikunja ghafla kama pazia lililopigwa na upepo, na kabla hujahesabu hadi tano mtungi uko wazi. Kisha naizima, naifungia ethi, nawapitishia ile foili waipanguse. Kidole kinatoka na utando wa kahawia unaonata. Nawauliza: moshi umekwenda wapi? Darasa zima linatazama kidole. (Usilijaribu jikoni. Volti hizo haziombi samahani.)

Swali hilo la "umekwenda wapi" ndilo ninalotaka ulishike mkononi kila muuzaji anapofungua mdomo. Umeme haufuti kitu. Ama unakihamisha kutoka hewani kwenda kwenye bamba, ama unakigeuza kuwa kitu kingine, ambacho nacho lazima kiwe na pa kwenda.

Sasa kazi ya pili, ya gesi. Gesi ya salfa au ya harufu haina chembe ya kukamata. Ni molekuli moja moja. Hapa ndipo jina la plazma, yaani gesi iliyonyofolewa elektroni kwa umeme, linapostahili. Badala ya korona tulivu, unatumia mapigo ya umeme mafupi mno, sehemu ya milioni ya sekunde au pungufu, au unatenganisha vyuma viwili kwa kioo au kauri ili cheche kubwa isipite, zipite nyuzinyuzi ndogo maelfu. Njia hiyo ya kioo ni ya Werner von Siemens, 1857, alipotengeneza ozoni, aina kali ya oksijeni. Elektroni zinapata nguvu ya ajabu: ukizipima kama joto, ni maelfu ya nyuzi, huku gesi inayozizunguka imebaki na joto lake lilelile. Kwa hiyo tunasema plazma baridi. Elektroni hizo zikigonga oksijeni zinaipasua, zikigonga mvuke wa maji zinaupasua, na vipande vinavyobaki vina njaa kali. Vinashambulia chochote kilicho jirani.

Kama umewahi kusubiri zamu kwenye steshenari za karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, zile zenye mashine kubwa za fotokopi za zamani, ile harufu kali ya kuchoma pua mashine ikifanya kazi mfululizo ni ozoni. Ndani yake mna waya wa korona. Utainusa pia radi ikipiga karibu, Januari huko. Ozoni na ndugu zake ndio wafanyakazi wa plazma. Wanaibadili gesi ya salfa kuwa asidi ya salfa, oksidi ya naitrojeni kuwa aina nyingine ya oksidi ya naitrojeni na kisha asidi ya naitriki.

Umeona kilichotokea? Gesi imegeuka asidi. Haijaondoka. Ukiiachia hivyo juu ya mabati ya majirani umewabadilishia lalamiko tu. Kwa hiyo mtambo kamili unaongeza amonia, na asidi inakuwa unga wa chumvi: salfeti ya amonia na naitreti ya amonia. Salfeti ya amonia wakulima wa Kongwa wanaijua kwa jina la SA, mfuko wa mbolea. Poland, kwenye kituo cha umeme cha Pomorzany mjini Szczecin, walijenga mtambo wa namna hii unaotumia miali ya elektroni badala ya cheche, wa kuhudumia gesi ya makaa ya mawe kiasi cha meta za ujazo 270,000 kwa saa. China walikuwa na wao Chengdu tangu 1997. Kule Poland salfa waliitoa karibu yote, naitrojeni sehemu kubwa, na mbolea ikatoka. Kwa hiyo plazma si ndoto. Lakini tazama ukubwa wa jambo: kituo cha umeme, makaa ya mawe yenye salfa, tangi za amonia, na umeme wa kuchezea kwa sababu uko nyumbani kwake.

Sasa turudi kwenye kilowati 3. Chukua kalamu.

Kilowati 3 ni wati 3,000. Gawanya kwa meta za ujazo 10,000 za kila saa: unapata wati-saa 0.3 kwa kila meta ya ujazo, yaani juli (kipimo cha nishati) moja na ushee kwa kila lita ya moshi. Hicho ni kiasi cha kawaida kabisa kwa mtego wa vumbi, tena cha wale wanaokula vizuri. Kuchaji chembe hakuhitaji nguvu nyingi. Lakini kuvunja gesi kwa plazma kunadai makumi ya juli kwa lita. Oksidi za naitrojeni ndizo mbishi zaidi. Tuseme juli 36, maana hesabu yake ni nyepesi: hiyo ni wati-saa 10 kwa meta ya ujazo, na kwa moshi wako wote ni kilowati 100, mchana na usiku. Mpelekee bosi hiyo kwenye bili ya TANESCO.

Kwa hiyo muuzaji hana mashine ya plazma. Ana mtego wa vumbi wenye jina la sherehe. Vumbi huenda ikalikamata vizuri sana. Gesi zitapita zikimpungia mkono.

Hewa ya ukaa usiijadili naye hata kidogo. Hiyo ni kaboni iliyokwisha kuungua hadi mwisho. Hakuna ozoni itakayoiunguza tena. Ukiipiga umeme wa kutosha unaweza kuipasua, na kinachopatikana ni monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Mtu aliyeandika "hewa ya ukaa asilimia 99" ama hajui anachouza ama anajua vizuri mno.

Na salfa? Makapi ya alizeti yana salfa kidogo sana ukilinganisha na makaa ya mawe. Anakuuzia dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa wako hana.

Una magonjwa mawili, na naomba uyatenganishe kwa sababu yanatoka kwenye mabomba mawili. Masizi yanatoka kwenye dohani ya boila. Harufu, kwa ninavyojua viwanda vya alizeti, sehemu kubwa inatoka kwenye kikaango kinachopasha mbegu kabla ya kukamuliwa, na kule mafuta yanakopata joto kupita kiasi. Mafuta yakizidiwa na joto hutoa akrolini, ile inayokutoa machozi chapati ikiungua. Mtego wa vumbi hauigusi.

Tuanze na masizi, maana hapo ndipo pesa yenu itapotea au itaokoka.

Kesho simama uwanjani pale unapoiona dohani vizuri, na saa ya simu mkononi. Mtazame pia mtu wa boila. Nina wasiwasi utaona hivi: anafungua mlango, anamwaga beleshi nane au kumi za makapi kwa mkupuo, anafunga, anakwenda kivulini. Dohani inatapika moshi mweusi dakika tatu, nne, kisha inatulia, kisha anarudi. Moshi mweusi ni mafuta ya bure yanayokimbia bila kuungua. Alishe kidogo kidogo mara nyingi, au mfunge skrubu ya kulisha yenyewe. Feni ya hewa ya juu ya moto ifanye kazi. Makapi yasilale nje wakati wa masika yakalowa. Nimeona dohani zikibadilika rangi ndani ya wiki moja kwa hayo tu, bila kununua chochote zaidi ya skrubu.

Na usinione natoka nje ya mada, hili linaingia moja kwa moja kwenye mtego wa umeme. Vumbi lina tabia. Lisilopitisha umeme kabisa linarundika chaji kwenye bamba mpaka tabaka lenyewe linaanza kutoa korona ya kinyume, na mtego unapoteza nguvu. Oliver Lodge alikwama kwa sababu ya namna hiyo huko Wales miaka ya 1880, kwenye kiwanda cha kuyeyushia risasi. Vumbi lilimgomea na umeme wake wa kuzungusha kwa gurudumu ulikuwa dhaifu. Frederick Cottrell wa California ndiye aliyefaulu, kuanzia 1907 hivi, akianza na ukungu wa asidi. Masizi yana kosa la upande wa pili: yanapitisha umeme mno. Yakigusa bamba yanamwaga chaji yake papo hapo, yanaachia, yanarudi kwenye moshi. Tena yanawaka. Tabaka la masizi kwenye bamba, hewa yenye oksijeni, na cheche moja, umewasha moto ndani ya mashine ya mamilioni. Mtego wa maana una kifaa kinachopima monoksidi ya kaboni na kukata umeme wenyewe moto wa boila ukienda vibaya. Kwa boila linalolishwa kwa beleshi, kitakuwa kinakata kutwa nzima.

Mkishaunguza vizuri, kitakachobaki ni majivu ya kijivu, mepesi. Majivu ya alizeti yamejaa potasi. Kwenye moto mkali potasi inapanda kama mvuke, halafu inapopoa njiani inagandana kuwa chembe ndogo kuliko maikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wako una maikroni kama 70. Saikloni inategemea uzito wa chembe kuirusha ukutani. Kwa chembe za maikroni 10 na kuendelea inafanya kazi nzuri, hizi ndogo inazisindikiza tu hadi juu. Na hizi ndogo ndizo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Hapo mtego wa umeme unastahili heshima yake. Unazikamata kwa sehemu kubwa, haujali moshi wenye joto la nyuzi 200, na hauzuii pumzi ya dohani, kwa hiyo feni haitaabiki. Mpinzani wake ni chujio la mifuko ya kitambaa, ambalo kwa vumbi laini ni hodari kuliko hata umeme, lakini kaa moja likirushwa kutoka kwenye tanuri linatoboa mfuko. Kwa makapi, yanayorusha cheche kama fataki, ningechagua saikloni mbele, mtego wa umeme nyuma.

Hiyo asilimia 99 nayo ina bei yake. Kama eneo fulani la mabamba linakamata asilimia 90, ukiliongeza mara mbili unapata 99, mara tatu 99.9. Kila tarakimu ya tisa ni chuma kilekile tena. Kwa hiyo muulize eneo la mabamba kwa meta za mraba, usimuulize asilimia.

Halafu kuna hopa. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja, sikitaji, mtego mpya "umekufa". Transfoma nzima, rektifaya (inayogeuza umeme uende upande mmoja) nzima, kila wakiwasha inapiga shoti. Nilipofungua mlango wa chini, baada ya kufunga ethi na kuweka funguo mfukoni mwangu, majivu yalikuwa yamepanda kutoka kwenye hopa hadi kuzika ncha za nyaya. Hakuna aliyepewa kazi ya kuyatoa. Wiki tatu mashine ilikuwa imesimama kama kabati, moshi unapita katikati yake, na mita ya volti inasoma sifuri kila mtu akiona. Kabla ya kununua, mtaje mtu kwa jina: nani anatoa majivu, saa ngapi, anayapeleka wapi. Yenu yana potasi, bustani zitayapokea kwa kiasi.

Harufu ya kikaango ni bomba dogo, na hapo plazma ya kweli ingeweza kupewa nafasi. Tuseme meta za ujazo 1,500 kwa saa kwa juli 10 kwa lita: kama kilowati 4. Hiyo inabebeka. Lakini mvuke na matone ya mafuta yatolewe kwanza, la sivyo vyuma vitavaa utando kama sufuria ya mama lishe. Na nyuma yake pawe na kichocheo cha kumalizia ozoni iliyobaki, maana plazma ikiishia njiani inakuachia formaldehaidi, gesi nyingine ya sumu, badala ya akrolini, na sidhani kama majirani watashukuru kwa mabadilishano hayo. Mimi kwanza ningejaribu njia ya kienyeji: poza mvuke wa kikaango udondoshe maji, kisha hewa iliyobaki iongoze kwa bomba iingie chini ya moto wa boila kama sehemu ya hewa ya kuunguzia. Tanuri lenye moto mzuri linachoma harufu bure. Tena linakulazimisha kuwa na moto mzuri.

Mtafute mtu mwenye vifaa awapimie dohani kabla ya kununua na baada ya kununua. Wasimamizi wa mazingira wa serikali wakija na kanuni za ubora wa hewa watataka namba, hawatataka jina la mashine. Na OSHA, wakaguzi wa usalama kazini, watauliza nani anashika funguo za mlango wa volti 50,000.

La mwisho ni la huku kwetu. Dodoma iko meta zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya asilimia 10, na hewa nyepesi inapasuka kwa volti ndogo zaidi. Mashine iliyopangwa pwani kufanya kazi kwa volti 60,000 bila cheche, huku kwetu itaanza kurusha cheche kabla haijafika hapo, itajishusha yenyewe, na pamoja na volti itashuka ile asilimia 99. Moshi wa moto unazidisha tatizo. Ni jambo linalorekebishika, kwa kuongeza nafasi kati ya waya na bamba au kuongeza mabamba, ila lazima mchoraji ajue mapema.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji maswali matatu: eneo la mabamba ni meta za mraba ngapi, majivu yanatokaje, na mashine imepangwa kwa kimo gani. Akilijibu la tatu bila kuomba muda wa kupiga simu, mkaribishe kiti.